Chumba cha Wale Nane

Loma Chiquita, 11 Machi 1984

Binti yangu Nelcy,

Mungu akubariki na akukinge na hao matajiri wako wa Caracas. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri: mwanao ana miaka saba, mimi sabini na moja, na magoti yangu nadhani yameshavuka tisini.

Habari kubwa kwanza. Saa uliyompa dereva wa basi ilifika Alhamisi, na kufikia Jumamosi Dorlis alikuwa anaisoma kama karani wa benki. Siku tatu! Mwalimu Edelmira alikuja hadi hapa uani kuniuliza nimempa dawa gani mtoto, maana yeye ana wanafunzi thelathini na mmoja na bado anahangaika nao kwenye saa kamili. Nikamwambia, "Mwalimu, hiki ni kipaji. Nyinyi shuleni mnawaharibu."

Haya, si kweli. Nimeisoma tena hiyo aya na hata kalamu imeona aibu. Edelmira alikuja kudai ungo wake, na Dorlis hajui saa. Kosa ni lako. Nani alikutuma ununue saa yenye kuku anayedonoa? Mtoto anakaa mbele yake asubuhi nzima akihesabu madonoo. Ukimuuliza mshale mfupi uko wapi anakwambia, "Subiri babu, bado anakula."

Mvua hakuna. Kisima cha Delfa, jirani yetu, kimebaki tope, na sasa anakuja kuchota kwetu akiwa na ndoo mbili na maneno ndoo nne. Kazi yangu nayo imepungua. Wiki nzima nimehasi nguruwe wawili tu, na mmoja nilimshika sikio, akaniburuta hadi barabarani, watu wakapiga makofi. Nimechoka, binti yangu. Si uchovu wa kulalamika, ni ule wa kukaa chini na kusahau ulikaa kwa sababu gani.

Unasema mtoto akishajua saa utamchukua. Sawa. Ila hujawahi kuniambia unalala wapi. Kuna nafasi ya kitanda chake?

Baba yako,
Eufrasio Teherán


Caracas, 8 Aprili 1984

Baba, naomba baraka.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi pia, isipokuwa mkono wa kulia, ambao jioni haukunjuki kwa sababu ya pasi. Nyumba ninayopiga pasi ina wanaume watano na kila mmoja anavaa mashati mawili kwa siku, kama vile ana miili miwili. Mpe Delfa salamu zangu. Muhogo wa huku una nyuzi, na jibini haina chumvi. Nikila nawakumbuka.

Baba, naomba suala la saa usilifanyie mzaha. Nikuelezee. Natoka kabla jua halijachomoza. Dorlis atabaki peke yake mpaka muda wa shule, na akirudi atakuwa peke yake mpaka nirudi. Huku hakuna jogoo, wala hakuna Delfa wa kupiga kelele juu ya ukuta. Jengo lina ghorofa kumi na moja na milango yote inafanana. Lazima ajue mwenyewe: mshale ukifika hapa, shuka uende shule, ukifika hapa, funga komeo, kabla haujafika hapa, usimfungulie mtu hata akisema yeye ni mama yako. Hilo haliwezi kuwa la kubahatisha.

Mfundishe hivi. Funika kuku kwa karatasi. Uondoe na mshale mrefu, umwonyeshe mfupi peke yake kwa wiki nzima, mpaka asome namba ilivyo usoni na kusema "umeipita nane kidogo" au "unakaribia tisa." Ndipo umrudishie mrefu. Mama aliyekaa kitanda cha jirani aliwafundisha wanawe hivyo na wote wameelewa.

Kuhusu swali lako, chumba kipo na kina dirisha. Tuliache hapo.

Mbusu mwanangu. Akikataa, mbusu akiwa amelala.

Nelcy


Loma Chiquita, 6 Mei 1984

Binti yangu,

Mungu akubariki. Mvua imefika, na imefika na hasira: paa la jikoni limehamia kwa Delfa, naye anasema ni lake mpaka tumpe ndoo zake. Dorlis alipata mafua, yamepona. Mimi nilipata mafua yake, hayajapona.

Nimefuata maagizo yako yote. Kuku nimemfunika, ila sasa mtoto ananung'unika kwamba nimemzika akiwa hai. Mshale mfupi umekwenda vizuri. Balaa limeanza tuliporudisha mrefu.

Jumanne nikasema, "Tazama, mrefu uko chini kabisa kwenye sita. Hii ni nane na media."

Akainama akachungulia chini ya meza.

"Unatafuta nini?"

"Hiyo media yake, babu. Soksi. Imevaa mguu gani?"

"Si soksi, mjukuu wangu. Media ni nusu."

"Nusu ya soksi?"

Nikamwambia ndiyo, jua lilikuwa kali nikachoka kubishana. Sasa kila nusu saa inapofika anakimbia kutazama kama saa imevaa.

Alhamisi ikawa mbaya zaidi. Nikageuza mshale mrefu hadi kwenye tisa nikatamka kama tunavyotamka siku zote: cuarto para las ocho, robo kuelekea nane. Yeye akasikia cuarto ya kulala, yaani chumba.

"Chumba cha wale nane," akasema. Akafikiri sana, unajua anavyoukunja mdomo. "Babu, hao nane ni akina nani?"

"Wanawake, labda. Hilo "las" linasikika la kike."

"Wanalala wote chumba kimoja?"

"Wanajibana."

"Mama yuko nao?"

Nilicheka hadi nikakohoa, Delfa akaja kuona kama nakufa. Mtoto hakucheka. Akaniuliza, "Wa tisa ataingia?" Nikamwambia amuulize mama yake. Basi nakuuliza kwa niaba yake: wa tisa ataingia?

Kwa ufupi, Nelcy, akili yake ni nzuri lakini kwa saa ni mzito. Tena saa yenu huko inatangulia yetu kwa saa nzima, kwa hiyo hata akijifunza hii atakuwa amejifunza uongo. Naona mwaka huu haitawezekana. Labda mwakani. Asiharakishwe.

Nafunga hapa, macho yanauma. Nampa Dorlis aifunge barua kwa gundi.

Baba yako,
Eufrasio

[Chini, kwa penseli, herufi kubwa:]
MAMA NI MIMI DORLIS. SASA NI NNE NA DAKIKA KUMI NA MBILI. BABU AMELALA.


Loma Chiquita, 8 Julai 1984

Nelcy,

Mungu akubariki popote ulipo. Wiki tisa zimepita bila jibu. Nimemuuliza dereva, anasema hana kitu. Nimemuuliza mara ya pili, akanionyesha ndani ya begi lake. Lilikuwa na shati na kipande cha jibini.

Kama nimekuudhi, sema nimekuudhi kwa lipi, maana nina mengi na sijui nianze kutubu wapi.

Dorlis hajambo. Saa bado inamshinda, anajua adhuhuri tu. Anakwenda kukaa kwenye jiwe la kona basi likikaribia kufika. Nikimuuliza amejuaje kwamba linakaribia anasema amelisikia.

Andika hata mstari.

Eufrasio


Caracas, 22 Julai 1984

Baba, naomba baraka, na nisamehe kwa kuchelewa.

Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na nilipofika pale mtoto alipouliza kuhusu chumba cha wale nane, nilikaa papo hapo. Nikajua umeambiwa. Nikasema ni Edelmira, binamu yake yuko huku. Nikasema ni dereva. Nikakuchukia wiki nzima kwa kunicheka kupitia mdomo wa mtoto. "Wa tisa ataingia?" Nilitaka kukuandikia maneno ambayo binti hamwandikii baba yake, nikaacha, na baada ya kuacha sikujua niandike nini kingine.

Kisha nikaisoma tena polepole, nikaona huyo mtoto amekosea tu neno. Hakuna aliyekwambia chochote. Basi nakwambia mwenyewe.

Tuko nane, Baba. Wanawake nane, chumba kimoja, vitanda vitatu vya kupandiana. Wawili wanafanya kazi usiku, kwa hiyo kitanda changu mchana kinalaliwa na mwingine na nikirudi nakikuta kina joto lake. Dirisha lipo, hapo sikudanganya. Linatazama ukuta. Nilikuandikia "chumba kipo" kwa miaka mitatu kwa sababu kilikuwepo. Tangu pesa ya huku ianguke, anayepangisha hataki kusikia habari za mtoto.

Sasa jambo la pili. Chini ya barua yako kuna mstari wa penseli. Najua hukuuona, ungekuwa umeuona ungeufuta. Nne na dakika kumi na mbili. Si nne na robo, si nne na kitu. Kumi na mbili. Mtoto mzito wa saa hawezi kuandika hivyo. Kwa hiyo hata hiyo barua ya Julai ni ya uongo.

Anajua tangu lini, Baba?

Nilitaka kukasirika. Lakini acha niseme na hili, tumalize yote siku moja. Kila ulipoandika kwamba bado hajui, nilikuwa nakunja barua na kupumua. Nilifurahi. Nilikupa wewe kazi ya saa ili nisije nikaulizwa kuhusu kitanda. Mungu anisamehe, nilimtegea mwanangu mtihani nikiombea afeli.

Nimechoka sana. Nijibu ukweli, hata kama ni mfupi.

Nelcy


Loma Chiquita, 12 Agosti 1984

Binti yangu Nelcy,

Mungu akubariki, leo nasema bila mzaha.

Anajua tangu wiki ya pili ya Machi.

Ilikuwa hivi. Mimi mshale mfupi naujua. Mrefu naujua kwenye nusu na robo tu, dakika sijawahi kuzihitaji, nguruwe wanahasiwa kabla jua halijakolea, basi. Lakini niliona aibu kukwambia, na mtoto alikuwa mbele yangu anasubiri, nikamwambia mrefu ukiwa kwenye nne ni dakika nne.

"Ni ishirini, babu," akasema. "Unahesabu tano tano. Mwalimu alituonyesha kwa maharage." Akanitazama. "Unadanganya au hujui?"

"Yote mawili," nikasema.

Akanifundisha. Tulikaa na maharage mezani mpaka nikaelewa, na nilipopatia alinipigia makofi. Usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa nimejua dakika na nimejua pia kwamba nikikuandikia ukweli utamchukua. Asubuhi nikamwambia hii ni siri yetu, mama tutamshtukiza siku moja afurahi zaidi. Akakubali. Mtoto wako anatunza siri kuliko kanisa. Ule mstari wa penseli nadhani aliona siku imefika, na mimi nilikuwa nakoroma.

Yale ya soksi na ya chumba ni kweli. Aliyasema kabla ya maharage, nami nikayahifadhi kwa miezi miwili nikuuzie kama mapya.

Nilijidanganya kwamba namlinda. Nikisema ukweli, hapa nyumbani nikiamka kuna mtu anauliza "Babu, umeamka?" Wewe ulipoondoka palikuwa na yeye. Yeye akiondoka patakuwa na Delfa, tena ng'ambo ya ukuta. Nimesema. Sirudii tena.

Habari za chumba nimemweleza. Niliona nimemdanganya vya kutosha mwaka huu. Nilimkalisha nikamwambia: mama yako anaishi na wanawake wengine saba, wewe ulikisia. Kisha akauliza, "Wale wa usiku wanarudi saa ngapi?" Nikasema labda sita, jua likichomoza. "Na mama anaondoka saa ngapi?" Nikasema tano, bado giza. Akahesabu kwa vidole.

"Hapo kitanda kiko wazi saa nzima," akasema. "Mwambie mimi ni mwembamba."

Nelcy, sijui kuandika kilichonipata. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kamba.

Usione aibu kwangu. Mimi nimeshalala zizi moja na nguruwe. Kama huwezi kumchukua, mwache, nitamlea mpaka nianguke, na sitakuuliza kitu. Kama unaweza, sema. Sitakuwekea jiwe njiani tena. Ila mwandikie yeye mwenyewe, si mimi. Ameacha kwenda kwenye kona. Anasema anajua basi linafika muda gani na anajua halijaleta kitu.

Eufrasio


Caracas, 2 Septemba 1984

Baba, naomba baraka.

Barua ya Dorlis iko ndani ya bahasha hii, imefungwa peke yake. Usiifungue, nakujua.

Ludis, mmoja wa wale nane, anatoka Magangué, upande wetu wa mpaka, na ana binti wa miaka tisa aliyemwacha kwao kama mimi. Nilimsomea barua yako. Alicheka kwenye maharage na akalia kwenye "mimi ni mwembamba," akasema, "Shoga, tumekaa humu tukingoja nini?" Tumetafuta wiki mbili. Tumepata chumba juu ya karakana ya viatu, kinanuka gundi, mvua ikinyesha kuna kona moja haikaliki. Ni cha sisi wawili na mabinti wetu wawili. Asubuhi natangulia mimi, yeye anachelewa kutoka. Jioni natangulia mimi kurudi. Katikati wasichana watakuwa peke yao saa mbili na dakika ishirini. Nimezipima.

Ludis anashuka kumchukua wake mwishoni mwa mwezi. Atapita hapo Jumatano tarehe 26 asubuhi, na ukikubali atakuja na Dorlis.

Sikuamrishi, Baba. Umemlea miaka mitatu na mimi nimemlea kwa barua. Ukisema hapana nitaelewa. Usinidanganye tu.

Nelcy


Loma Chiquita, 25 Septemba 1984

Binti yangu Nelcy,

Mungu akubariki na akubariki na Ludis, ambaye amefika siku moja kabla na amelala kwenye kitanda changu. Binti yake na Dorlis wamegombana mara mbili na kupatana mara tatu. Mimi niko kwenye bembea uani, naandika kwa taa, na mbu wananisaidia.

Sijasema hapana. Nilikaa na hiyo hapana mdomoni siku nne, ikawa haina ladha, nikaitema.

Barua yako aliisoma peke yake chooni, mlango umefungwa, akatoka akasema, "Babu, nitahitaji viatu." Delfa amemletea vya mwanawe. Ni vikubwa, amejaza pamba. Delfa huyo huyo ameturudishia paa, kwa mkono wake, bila hata tusi moja, na hilo limenitisha kuliko yote.

Nguo zake nimezifunga kwenye gunia la unga lililofuliwa. Ndani kuna nyanya zetu kidogo, jibini yenye chumvi, na saa, nimeizungushia sketi yake. Tulizozana juu ya hiyo saa. Yeye alitaka kuisogeza mbele leo leo iwe ya Caracas, ili afike akiwa tayari. Nikamwambia, "Ngoja uvuke mpaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado uko kwangu."

Akanitazama vile anavyonitazama nikikosea dakika. "Basi nitaisogeza mpakani," akasema, "lakini wewe hesabu moja mbele kila ukitaka kujua nafanya nini." Nikasema sawa. Nimeanza kufanya mazoezi na nimekosea mara mbili, nahesabu moja nyuma.

Basi linapita alfajiri, mshale mfupi ukiwa kwenye tano. Hatachelewa. Mwaka huu wote hakuna aliyewahi kumwamsha, yeye ndiye anayeniamsha mimi.

Sasa, Nelcy, kuna kitu unanidai bure na kingine nakudai mimi. Unanidai msamaha, chukua. Changu ni hiki. Siku ile uliyoondoka kwenda huko, miaka mitatu iliyopita, basi lilikwama hapa kona zaidi ya saa nzima kwa pancha, na wewe ukalala ile saa nzima na mtoto mkononi, ukaja kuniambia Mungu amekuonea huruma. Hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi, na kisu cha kuhasia. Basi lilipofika nilikuona bado umelala na yeye amekushika sikio, sikuweza kukuamsha, nikaenda nikachoma tairi la nyuma. Dereva hajui hadi leo, na wewe usimwambie.

Kwa hiyo nakudai asubuhi moja, na nataka unilipe kwake. Atafika Alhamisi usiku, amechoka. Ijumaa usimwamshe. Saa ikilia, izime. Ukichelewa kazini, chelewa. Mwache alale mpaka macho yake yafunguke yenyewe, na akifungua, uwe umekaa hapo.

Baba yako,
Eufrasio